Nukta Peke Yake Kwenye Mstari

Kolwezi, jioni ya kuamkia safari

Ngalula mwanangu,

Mambo ya njiani umeshaambiwa na wanawake wote wa mtaa wetu, kwa hiyo mimi nayaruka. Umeambiwa uukalie mkoba wako, usinywe maji ya Tenke, usicheke na askari, na mkifika Kamina usilale hata kama treni yenyewe imelala. Mama wa jirani amekufungia mihogo na samaki mkavu kana kwamba huko Mwene-Ditu watu hawali. Sina la kuongeza. Baba anayeongeza neno juu ya maneno ya wanawake hao anatafuta tu kisingizio cha kutokwenda kulala, na kweli ndicho ninachokitafuta.

Nina hofu, Ngalula. Naliandika hilo mapema usije ukahangaika kulitafuta huko chini. Kesho unakwenda kwa mama yako ili akuone kwa macho, kwa sababu mimi, mtu niliyeaminiwa kupeleka habari za mji mzima, nilimpelekea habari iliyomfanya akulilie ukiwa hai. Naogopa akishakushika hatakuachia tena. Naogopa zaidi kwamba atakuwa na haki.

Unayajua haya yote, ulikuwepo. Siandiki ili nikuombe radhi. Nimekuomba mpaka ukaniambia niache, nakusumbua. Naandika kwa sababu kuna kazi moja nataka kukupa, na kwa mdomo siwezi. Kwa mdomo nitaigeuza mzaha, wewe utacheka, nami nitafurahi kwamba umecheka, na kazi itabaki pale pale. Lakini kwanza acha nizunguke kidogo. Mzee akipewa karatasi hukanyaga kila kichaka kabla ya kufika.

Kabla ya mashine tulikuwa na foni, ile redio ya kuzungumzia, pale ofisini misioni. Ulikuwa mdogo, lakini utakumbuka lile benchi. Mtu aliyekuja kuongea na ndugu zake wa mbali alikaa hapo akisubiri zamu, na waliosubiri nyuma yake walisikia kila neno. Mume aliyekuwa na hamu na mke wake alishika kile chuma cha kusemea, akawatazama watu wa benchi, akapiga kelele: "Muko bazima? Siye tuko bazima! Terminé!" Basi, imekwisha. Nimewaona watu wametembea tangu Mashamba kwa miguu kuja kusema hayo tu, kisha wakatoka nje na kusimama ukutani wakitazama chini. Mimi niliwadharau. Nilidhani hawana maneno.

Kisha ulikuja ule wakati wa watu wa Kasai kuambiwa waende kwao, hata wale ambao "kwao" hawakuwahi kukuona. Babu yako mzaa mama aliletwa hapa kuchimba shaba akiwa kijana, mama yako alizaliwa hapa, alibatizwa hapa, alinichagua hapa akiwaacha wanaume wazuri kuliko mimi. Haikusaidia. Mimi ni Muluba wa huku huku mkoani Shaba, wa kaskazini, kwa hiyo nyumba yangu haikuguswa, nawe ulihesabiwa mtoto wangu. Yeye akafunga vitu vyake na kwenda Mwene-Ditu na wazazi wake na Mjomba wako Tshibangu. Pale stesheni nilimweleza kwamba kazi yangu haiwezi kuachwa, kwamba wewe una shule, kwamba mambo yakitulia tutaona. Nilieleza vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Bon. Weye unabakia na foni yako. Foni itakupikia bukari."

Watu wakacheka, foni inisongee ugali, na mimi nikacheka nao. Treni ikaondoka nikiwa bado nacheka. Kazi ingeweza kuachwa, Ngalula. Niliogopa kufika Kasai nikawa mgeni, nikaangaliwa kule kama yeye alivyokuwa anaangaliwa hapa. Nilimwacha yeye abebe peke yake kitu ambacho mimi sikuthubutu kukibeba hata mwezi mmoja.

Baadaye ikaja mashine. Ulipoiona mara ya kwanza ulisema inafanana na televisheni iliyonyimwa picha. Kioo cheusi, herufi za kijani, na alama ndogo inayopepesa ikingoja amri. Mfumo wake unaitwa Unix, wakaniambia, nami nikaona fahari kana kwamba nimetambulishwa kwa wakwe. Hakuna picha ya kuchagua. Unaandika neno, inatii. Unakosea herufi, inakukaripia kwa Kiingereza, lugha ambayo wewe na mimi tuliijua kwa kubahatisha. Ukiandika mail, orodha ya barua inajitandaza: nani ameandika, lini, kuhusu nini. Ukiandika namba ya barua, inafunguka. Herufi d inafuta. Herufi u inarudisha uliyoifuta, maadamu hujatoka. Kwa q unatoka na yote uliyofanya yamekuwa. Kwa x unatoka na mashine inajifanya haijakuona, yote yanabaki kama yalivyokuwa. Na ukiandika barua, unakwenda mstari kwa mstari, ukimaliza unaweka nukta peke yake kwenye mstari wake. Hapo barua imeondoka mkononi mwako. Inakwenda kupanga foleni na kungojea jioni, redio inaposhika vizuri.

Usiogope, sitakuhubiria kwa herufi. Nakukumbusha tu kwamba wewe uliipenda x kuliko zote. Siku moja ulisema, bila kugeuka, vidole vikiwa juu ya mashine:

"Papa, hii x ingekuwa mu nyumba yetu, ningeifinya siku Mama alienda."

Nilikuambia usiongee na kazi iko mbele yako. Nilipaswa kukaa chini nikusikilize.

Barua za mji mzima zilifika chini ya jina moja tu, langu. Nilizifungua, nikazichapa kwenye karatasi, nikazikunja, nikaziweka kwenye vijisanduku vya wenyewe. Waliokuja kutuma na hawajui kuandika, niliwaandikia mimi, kwa sauti zao. Mimi na masharubu yangu haya nimeandika "mimba inanisumbua mgongo", nimeandika "bibi yako mdogo ananitukana". Nilikuwa mzuri kwa kazi hiyo. Mwanamke alisema maneno matatu huku akifuta machozi, mimi nikayageuza barua ya kumfanya mumewe atafute nauli. Watu walisema ninayo mikono ya dawa.

Na kwa mke wangu? Mganga hajigangi. Unajua nilivyokuwa namwandikia, kwa sababu uliziona: Sisi wazima. Mtoto anasoma. Mvua imenyesha. Salamu kwa wazee. Kwa Kifaransa tena, kama ilani ya ofisi. Nilijua kwamba huko Mwene-Ditu anayefungua mashine ni Dieudonné, mwimbaji wa kwaya, na kwamba kinachopita machoni pa Dieudonné Jumamosi kinaimbwa Jumapili. Ningewezaje kumwandikia mama yako, Mbombo wangu, kwamba nyumba imekuwa kubwa mno, na kijana yule akaisoma kabla yake? Nikawa nimekaa kwenye lile benchi la foni, mimi niliyewacheka wenzangu. Mara moja tu aliniuliza, katika barua aliyomwandikisha Dieudonné mwenyewe, mbele ya aibu yote hiyo: Unakuja lini? Aliweza. Nami nikajibu kwamba suala hilo linaangaliwa.

Suala linaangaliwa! Ndivyo ofisi zinavyowajibu watu ambao hazitaki kuwajibu. Nikikumbuka jibu lile hapa mezani naona joto masikioni.

Sasa nifike kwenye malaria yako, maana siwezi kuipita. Homa ilipokupanda kichwani na ukalazwa, kitu cha kwanza nilichowaza ni mama yako. Nilikaa mbele ya kioo. Nilitaka kuandika: Mbombo, mtoto ana homa kali, naogopa, laiti ungekuwa hapa. Niliona Dieudonné akisoma. Basi nikatafuta busara. Nikaiandika barua si kwake, bali kwa Mjomba Tshibangu: Ngalula anaumwa, amelazwa. Mwambie dada yako kwa upole, asiwe peke yake. Nikaweka nukta, nikajisikia mtu mzima.

Mwanangu, nani kati yetu hajui jinsi kifo kinavyotangazwa? Mwenyewe haambiwi. Anaambiwa kaka, naye anawakusanya wenzake, wanakuja pamoja, wanaketi, wanaomba maji, wanamuuliza kama amekula. Mwanamke akiona kaka zake wanaingia uani kwa pamoja asubuhi ya siku ya kazi, hangojei mdomo ufunguke. Na mimi ndiye niliyelijua hilo kuliko wote! Barua za misiba zilipita kwangu, na hakuna hata moja niliyoiweka kwenye kijisanduku cha mfiwa. Nilimwita kwanza mkubwa wa familia. Kwa mikono yangu nilivisha homa yako nguo za msiba, nikaituma.

Nilikuja hospitalini nikakusimulia, nikijisifu. Midomo yako ilikuwa imepasuka kwa joto, lakini uliinuka kwenye mto.

"Papa, uliandikia Mujomba? Juu ya nini Mujomba? Andikia Mama yeye mwenyewe! Rudia ku biro, toa ile barua mbele jua iingie."

Barua ilikuwa bado kwenye foleni, ikingoja jua lizame. Kuna amri ya kuionyesha foleni na kuna amri ya kuivuta barua humo, zote mbili nilikufundisha mimi. Na ofisi haikuwa mbali. Nikakufunika shuka, nikakuambia:

"Lala, mutoto. Homa njo inasema."

Jua likaingia, redio ikashika, barua ikaenda. Kesho yake radi ikapiga mlingoti wa antena na kukiunguza kile kisanduku kinachounganisha redio na mashine. Ulipopata nafuu niliandika, ulipokaa niliandika, ulipokula bukari ya kwanza niliandika, na habari hizo njema zote zilipanga foleni zikisubiri kisanduku kingine kitoke Lubumbashi. Nilikuwa natania kwamba mama yako atazipata zote kwa mpigo na kuvimbiwa. Sikuwa na wasiwasi wowote, ndilo linalonitisha hadi leo.

Wewe ndiye uliyekuwa umekaa kwenye mashine siku ilipofufuka. Orodha ikajitandaza. Ukaona jina la Mjomba, ukaandika namba. Nilikuwa nyuma yako, nimeshika kikombe. Tulisoma pamoja: Tumelia, tumemaliza siku za kilio bila kaburi. Dada yetu amenyoa nywele. Analala chini, hali. Tuambie angalau mmemzika wapi.

Ulicheka. Ulicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, ukajishika mikono, mmoja kwa mwingine, kama mtu anayejihesabu kama ametimia. Halafu ukalia, na nilipoweka mkono begani pako ukautoa. Uliutoa taratibu tu, lakini uliutoa. Kisha ukaandika mwenyewe, hukuniruhusu nikae: "Mama, ni miye Ngalula. Niko muzima. Minakuandikia na vidole yangu."

Na jibu lake tunalijua wote wawili kwa moyo, kwa sababu Dieudonné safari hii hakupamba neno:

"Vidole haina sura. Baba yako anaandikaka mu kinywa ya bantu yote, ya mufu itamushinda? Munitumie mutoto, nimuone na macho. Na yeye asiniandikie tena."

Kwa siku nyingi nilimkasirikia. Nilisema, mwanamke gani asiyeamini maandishi ya mtoto wake, akadhani nimeyatunga mimi kwa kinywa cha maiti? Nilikuambia hata wewe kwamba ni ukaidi wa Wakasai, nawe ukanijibu kwamba basi nusu yako ni mkaidi. Kisha siku moja mama mmoja wa sokoni akaja kunituma nimwandikie mwanawe, akasema kidogo, nikaandika mengi, nikamsomea. Akanitazama. "Muzuri, Tata," akasema, "lakini haiko miye." Alilipenda neno kwa neno, na bado hakujiona ndani yake. Nikaifuta yote, nikaandika yale machache aliyoyasema. Mbombo alikuwa ameishi na mimi miaka mingi kuliko mteja yeyote. Alijua ninavyoweza kuwa kila mtu, isipokuwa mimi.

Na ule upole, Ngalula, "mwambie kwa upole", haukuwa wake. Ulikuwa wangu. Sikuwa namkinga yeye na mshtuko. Nilikuwa najikinga mimi na kuonekana naogopa. Kaka mtu akapewa kazi yangu, na mama yako akalipa kwa nywele zake. Huko uendako utakutana na watu wapole wa namna yangu, wengi wazuri. Ukimwona mtu anapitisha jambo lako kwa mlango wa jirani ili lisikuumize, muulize ni nani hasa anayemhurumia. Na ukijikuta wewe ndiye unayepitisha, rudi ofisini kabla jua halijaingia. Unazijua amri.

Basi, kazi yenyewe.

Ukifika, mwache akuone kwanza. Mwache akushike uso, akunuse, akupige ikibidi. Mwache akupikie. Usiseme lolote juu yangu. Usimwambie nimekonda, maana sijakonda. Siku ikifika ambayo yeye mwenyewe atakuuliza, au ukiona ametulia, mchukue mpaka kwenye mashine ya misioni. Nimeshaongea na Dieudonné. Amemfungulia jina lake mwenyewe humo, Mbombo, lenye neno la siri atakalolichagua yeye, na barua za jina hilo hazionekani na mwingine anapofungua zake. Mimi pia nimejitenga na sanduku la mji, nina langu. Dieudonné mwambie akatembee. Kwaya itamngojea.

Mkalishe mama yako kwenye kiti. Macho yake si mazuri, ongeza mwanga wa kioo. Yeye husema hajui kuandika, lakini alifika darasa la nne na jina lako aliliandika yeye kwenye kadi ya ubatizo wakati mimi nimesahau herufi. Mfundishe kama mimi nilivyokufundisha, ila bila makelele yangu. Mfundishe kufungua, kusoma, kufuta, kurudisha, kutoka. Mwonyeshe x, atacheka. Mwonyeshe nukta.

Sanduku lake atalikuta tupu. Amesema nisimwandikie, na kwa mara ya kwanza nimemtii bila kutafuta mlango wa jirani. Hata barua hii haina neno la kumpa yeye, usimsomee. Siku nzima leo nilikuwa na maneno mazuri kwa ajili yake, mazuri mno, nikayajua ni yale ya kazini.

Akitaka kunitukana, na atukane; nitafurahi kuona makosa yake ya herufi. Akikataa maneno, mwambie maneno si lazima. Aandike mail na jina langu. Mashine ikimuuliza barua inahusu nini, apite. Halafu aweke nukta peke yake kwenye mstari. Mashine itanung'unika kwa Kiingereza chake kwamba barua haina kitu ndani, lakini itaipeleka. Ila mkono uwe wake. Wewe usimsaidie, usimwekee kidole juu ya kitufe, usinihurumie. Safari hii mimi ndiye nitakayelazimika kuamini vidole visivyo na sura, na nitaviamini.

Kila asubuhi nitafungua. Mashine ikisema hakuna barua, nitafunga, nitagawa za watu, nitarudi kesho yake. Mwenzangu wa ofisini ameshajua kazi yote, na jirani amekubali kushika funguo za nyumba yetu. Kule Mwene-Ditu nitakuwa mgeni, watu wataniangalia, na watoto wataniuliza nimefuata nini. Nimeshajizoeza jibu, ni fupi.

Siku ile nikiikuta barua isiyo na neno hata moja ndani, Ngalula, sitaijibu. Nitapanda treni.

Baba yako